Ukipunguza hatua ya muda na jibu nalo likapungua: kuhusu kuiga chembe zinazosambaa majini

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya fizikia hapa Dar es Salaam. Nimeandika programu ya kuiga jinsi chembe za plastiki zenye kipenyo cha mikromita 1 zinavyosambaa ndani ya maji. Kwa kanuni ya Einstein, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, namba ya usambaaji D (kipimo cha jinsi chembe zinavyosambaa haraka) inatakiwa iwe mikromita za mraba 0.49 kwa sekunde. Nikitumia hatua ya muda ya sekunde 0.1, programu inanipa 0.049. Nikapunguza hatua hadi 0.01 nikitegemea usahihi uongezeke, ikanipa 0.0049. Mstari unaosogeza chembe ni huu (dt ni hatua ya muda, np.sqrt ni kipeuo cha pili, nasibu ni namba ya nasibu):

x = x + np.sqrt(2*D)*dt*nasibu

Je, hatua niipunguze hadi wapi? Au kosa ni kwamba sikuweka tungamo la chembe? Halafu kuna jambo la tatu: kwenye hadubini, nikifuatilia chembe zilizo karibu kabisa na kioo cha chini kwa kuwa ndizo zinazoonekana vizuri, napata kama 0.40, ambayo hailingani na chochote. Maabara yetu haina kiyoyozi, joto hufika nyuzi 30.

JIBU

Marahaba. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umebadilisha hatua ya muda kisha ukaandika kilichotokea. Namba zako mbili zilinionyesha kosa kabla sijausoma mstari wenyewe. Hatua imepungua mara kumi, na jibu limepungua mara kumi kamili. Ukishuka hadi 0.001 utapata 0.00049, na ukizidi kushuka chembe zako zitaganda pale zilipo. Kwa hiyo hakuna hatua ndogo ya kutosha itakayokuokoa. Kosa liko kwenye mabano. Mstari unatakiwa usomeke hivi:

x = x + np.sqrt(2*D*dt)*nasibu

Ile dt iliachwa nje ya kipeuo cha pili. Iingize ndani, endesha tena, na 0.49 yako itarudi, uwe umetumia hatua ya 0.1 au ya 0.01.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ukihamisha mabano bila kuelewa kwa nini, kosa hilihili litakurudia kwa sura nyingine siku utakapoongeza kani, ukuta au mkondo wa maji, na siku hiyo halitajitangaza kwa namba zilizonyooka hivi. Kwa hiyo nivumilie kidogo.

Chukua sarafu. Ikianguka upande mmoja unasogea hatua moja kulia, ikianguka upande wa pili unasogea hatua moja kushoto. Ukirusha mara 100, wastani wa mahali utakapokuwa ni sifuri, maana kulia na kushoto kuna nafasi sawa. Hiyo haina maana kwamba utakutwa pale ulipoanzia. Rudia mchezo huo mara nyingi na utajikuta mara hatua 8 kulia, mara 12 kushoto, mara 4, mara 16. Umbali wa kawaida ni kama hatua 10, na 10 ni kipeuo cha pili cha 100. Sababu ni hii: ukijumlisha mruko a na mruko b kisha ukatafuta mraba wa jumla, unapata mraba wa a, mraba wa b, na 2ab. Miruko miwili isipojuana, ile 2ab mara ni chanya, mara ni hasi, na wastani wake ni sifuri. Inabaki miraba peke yake. Kwenye mwendo wa nasibu kinachojumlishwa ni miraba ya umbali. Umbali wenyewe haujumlishwi.

Sasa rudi kwenye chembe yako. Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba, kwenye mhimili mmoja, wastani wa mraba wa umbali baada ya muda t ni 2Dt. Kwa D ya 0.49, baada ya sekunde 1 ni mikromita za mraba 0.98. Kiasi hicho ni mali ya chembe na maji, hakijui wewe umeigawa sekunde yako vipande vingapi. Ukiigawa vipande 10, kila kipande kibebe 0.098. Ukiigawa vipande 100, kila kimoja kibebe 0.0098. Ili kupata urefu wa mruko wenyewe unachukua kipeuo cha pili: mikromita 0.313 kwa hatua ya 0.1, na mikromita 0.099 kwa hatua ya 0.01. Ona: muda umepungua mara kumi, lakini mruko umepungua kama mara tatu tu. Mstari wako wa zamani uliupunguza mruko mara kumi. Ulikuwa unatoa mruko wa 0.099 mahali palipotaka 0.313, mraba wake ni 0.0098, zidisha kwa hatua 10 unapata 0.098, gawanya kwa 2, na hiyo hapo 0.049 uliyoniandikia.

Fanya hesabu hii kwa mkono mara moja, kwenye karatasi, kabla ya kurudi kwenye kompyuta. Tuseme jenereta yako ya namba za nasibu imekupa 0.31, kisha −1.24, kisha 0.58, kisha 1.07. Zidisha kila moja kwa 0.313. Miruko ni 0.097, −0.388, 0.182 na 0.335. Chembe inaanzia sifuri, inakwenda 0.097, inarudi nyuma hadi −0.291, inajikongoja hadi −0.109, inaishia 0.226. Sekunde 0.4 zimepita, imesafiri jumla ya mikromita moja kwenda na kurudi, na imeishia chini ya robo mikromita kutoka ilipoanzia. Ukishaiona kwa macho yako hivyo, utaelewa kwa nini usambaaji ni wa haraka karibu na wa polepole mno mbali. Chembe hii husogea kama mikromita 1 kwa sekunde 1. Kwa saa nzima husogea kama mikromita 59. Kufika sentimita 1 inahitaji kama sekunde milioni 100, yaani zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo maana seli hai ikitaka kupeleka mzigo mkubwa mbali haingoji usambaaji.

Nataka pia ujue kwamba mtego ulioingia ni wa zamani na wameuingia watu wakubwa. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, aliangalia kwenye hadubini vijichembe vilivyomo ndani ya chavua ya ua liitwalo Clarkia pulchella, akaviona vinatetemeka bila kutulia. Alijaribu na vumbi la madini na la mawe, likatetemeka vilevile, akaondoa dhana kwamba ni uhai. Waliomfuata walitaka kupima kasi ya mtetemo huo. Felix Exner alichapisha vipimo vya kasi mwaka 1900, na kasi hizo zilikuwa ndogo mno kuliko nadharia ya joto ilivyotaka. Tatizo lilikuwa nini? Walichukua umbali wakaugawa kwa muda. Fanya hivyo kwa chembe yako: kwa sekunde 1 inasogea mikromita 1, kasi ni 1. Itazame kwa sekunde 0.01 tu, imesogea mikromita 0.1, kasi imekuwa 10. Kwa sekunde 0.0001 imesogea mikromita 0.01, kasi imekuwa 100. Kila ukitazama kwa muda mfupi zaidi, kasi inapanda. Hakuna kasi hapo ya kupimwa, kuna D tu. Wao waliuchukua muda kana kwamba umbali unakua nao sambamba, na mstari wako ulifanya hivyohivyo.

Jean Perrin, Mfaransa, ndiye aliyekuja kupima kwa njia sahihi kuanzia mwaka 1908. Alitumia chembe za gamboge, utomvu wa mti ambao wachoraji waliutumia kama rangi ya njano, akaandika mahali chembe ilipo kila baada ya sekunde 30, akapima wastani wa mraba wa umbali. Kutokana na hapo alipata idadi ya molekuli katika moli, na waliokuwa bado wanashuku kuwepo kwa atomu wakakosa pa kusimama. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1926. Alieleza pia kwamba mistari iliyonyooka kwenye michoro yake inadanganya: angeandika kila sekunde, kila mstari mmoja ungegeuka njia ya vipande 30 iliyopindapinda kama mchoro mzima. Programu yako nayo ni hivyohivyo. Ile chembe inayoruka kutoka 0.097 hadi −0.291 haikupita njia iliyonyooka. Wewe umeandika tu ilipofika.

Sasa tungamo. Hapana, kuliacha si kosa, na kwa kazi yako ni bora uliache. Nakuonyesha kwa hesabu. Chembe ya plastiki ya polistireni yenye nusukipenyo cha mikromita 0.5 ina tungamo la kilo 5.5 × 10⁻¹⁶ hivi. Msuguano wa maji dhidi yake, ambao ni 6π mara mnato mara nusukipenyo, ni 8.4 × 10⁻⁹ kwa vipimo vya kimataifa. Gawanya tungamo kwa msuguano, unapata sekunde 6.6 × 10⁻⁸, yaani nanosekunde 66. Huo ndio muda ambao chembe inakumbuka ilikuwa inaelekea wapi. Kwa kasi inayotokana na joto, kama milimita 2.7 kwa sekunde, katika nanosekunde 66 inasogea chini ya nanomita 0.2. Molekuli ya maji yenyewe ni pana kuliko hapo. Kamera yako inapiga picha kila baada ya makumi ya milisekunde. Kati ya picha mbili chembe imeshasahau mwelekeo wake mara laki kadhaa.

Ukiliingiza tungamo kwenye programu, italazimika hatua iwe ndogo sana kuliko hizo nanosekunde 66, tuseme nanosekunde 10. Sekunde moja ya chembe moja itakula hatua milioni 100, na mwisho wa safari utapata D ileile. Kuna wanaolihitaji tungamo: mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliishika chembe ya kioo hewani kwa mwanga wa leza wakapima kasi yake halisi ya papo kwa papo, jambo ambalo Einstein mwenyewe alidhani halitawezekana. Kwa kazi ya namna hiyo tungamo ndilo habari yote. Kwa maji na kamera ya kawaida, liache.

Ulipouliza hatua ipunguzwe hadi wapi, jibu huenda likakushangaza: kwa chembe huru, isiyosukumwa na chochote, hatua yoyote inatoa jibu kamili. Ukiwa na namba za nasibu za mgawanyo wa kawaida (ule wa umbo la kengele), mruko mmoja wa sekunde 10 una takwimu zilezile za miruko 1000 ya sekunde 0.01. Hakuna usahihi unaoongezeka kwa kupunguza. Hatua inaanza kuwa na maana pale kani inapobadilika kutoka mahali hadi mahali, au panapokuwa na ukuta.

Hapo kuna jaribio ninalowapa wanafunzi wangu wote na nakupa na wewe. Ifunge chembe kwa springi: kila hatua, pamoja na mruko wa nasibu, iondolee x kiasi cha a mara x, ambapo a ni ugumu wa springi mara dt, gawanya kwa msuguano. Angalia vizuri: sehemu ya kani inakwenda na dt yenyewe, sehemu ya nasibu inakwenda na kipeuo cha dt. Ziko kwenye mstari mmoja lakini hazifuati sheria moja, na wengi huzichanganya. Baada ya muda chembe itatulia ikitetemeka kuzunguka katikati, na wastani wa mraba wa umbali unajulikana: ni kT gawanya kwa ugumu wa springi, ambapo k ni namba ya Boltzmann na T ni joto kwa kelvini. Programu haitakupa hiyo kamili. Itakupa hiyo iliyogawanywa kwa 1 − a/2. Kwa a ya 0.1 jibu linapita kiasi kwa kama asilimia 5, kwa a ya 0.01 kama nusu asilimia, na a ikifika 2 chembe inaruka nje ya dunia yako. Ukiona programu inakosea kwa kiasi hichohicho nadharia inachosema itakosea, hapo unaweza kuiamini kwa mambo usiyoyajua majibu yake.

Makosa mengine yanayofanana na lako nitayataja harakaharaka, maana nayaona kila mwaka. Namba za nasibu ziwe na wastani 0 na wastani wa mraba 1. Anayetumia namba kati ya 0 na 1 chembe zake zote zinahamia kulia. Anayetumia namba zilizosambaa sawasawa kati ya −1 na 1 anapata theluthi moja ya D, kwa kuwa wastani wa mraba wa namba hizo ni 1/3. Akizidisha kwa kipeuo cha pili cha 3 mambo yanakaa sawa, na baada ya hatua kadhaa huwezi kutofautisha na mgawanyo wa kawaida. Ukiendesha programu kwenye viini vingi vya kompyuta kwa wakati mmoja, hakikisha kila kimoja kina mbegu yake ya namba za nasibu, la sivyo utakuwa na chembe elfu zinazocheza ngoma moja. Na kama unafuatilia mihimili miwili, 2Dt inakuwa 4Dt, na kwa mitatu 6Dt. Kila mhimili unapata mruko wake wenyewe wa kipeuo cha 2Ddt. Hiyo 4 na 6 zinajitokeza zenyewe, usiziweke kwa mkono.

Lingine limenigusa mwenyewe. Nilipokuwa nasoma kama wewe, nilipoteza karibu wiki tatu nikitafuta kwa nini D yangu ni nusu ya inayotakiwa. Nilibadilisha jenereta, nikaandika programu upya kwa lugha nyingine, nikamlaumu aliyetengeneza kamera. Lebo ya chupa ya chembe iliandika kipenyo, mimi nikaiweka namba ile kwenye kanuni kama nusukipenyo. Tangu siku ile, kabla ya kuendesha chochote, naandika juu kabisa ya faili: nusukipenyo kwa mita, joto kwa kelvini, mnato kwa paskali sekunde. Nakuomba nawe ufanye hivyo. Kuweka nyuzi 25 mahali pa kelvini 298 kunashusha D mara 12, na kosa la ukubwa huo angalau linapiga kelele. Kosa la nusu linanyamaza.

Idadi ya chembe pia. Ukichukua wastani wa mraba kwenye mihimili miwili kwa muda mmoja tu uliouchagua, hitilafu yake kwa asilimia ni 100 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya chembe. Chembe 20 zinakupa hitilafu ya asilimia 22, chembe 10,000 zinakupa asilimia 1. Kwenye kompyuta chembe ni bure, tumia nyingi. Kwenye hadubini si bure, na hapo ndipo tunafika kwenye 0.40 yako, sehemu iliyonivutia kuliko zote.

Unasema 0.40 hailingani na chochote. Inalingana, ila si na 0.49. Hiyo 0.49 ni ya maji ya nyuzi 25, na maabara yako ina nyuzi 30. Kupanda kwa joto lenyewe, kutoka kelvini 298 hadi 303, kunaongeza D chini ya asilimia 2. Kinachofanya kazi kubwa ni mnato: maji ya nyuzi 25 yana milipaskali sekunde 0.89, ya nyuzi 30 yana 0.80. Ukiviweka vyote viwili, D inapanda hadi karibu 0.56. Nyuzi tano zimekuongezea asilimia 14. Ukisoma majedwali yaliyotengenezwa kwa maabara za nyuzi 20 ukayatumia Dar es Salaam mwezi wa Februari, utakosea zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tofauti yako imeongezeka: umepima 0.40 na ulitakiwa upate 0.56. Sasa ingiza kioo. Kanuni ya Einstein inaichukulia chembe kama iko peke yake katikati ya maji yasiyo na mwisho. Chembe ikisogea inayasukuma maji yaliyoizunguka, na maji yaliyogusana na kioo hayatembei, kwa hiyo karibu na kioo maji yanakuwa kama mazito zaidi. Kwa mwendo unaokwenda sambamba na kioo, Hilding Faxén, Msweden, alikokotoa punguzo hilo miaka ya 1920. Kipengele cha kwanza na kikubwa cha punguzo hilo ni 9/16 mara nusukipenyo gawanya kwa umbali wa kitovu cha chembe hadi kwenye kioo. Chembe yako ikiwa na kitovu mikromita 1 juu ya kioo, yaani tumbo lake limebakiza nusu mikromita kugusa, ukiweka vipengele vyote D inabaki asilimia 72 ya ile ya katikati ya maji. Zidisha 0.56 kwa 0.72. Unapata 0.40.

Siwezi kukuapia kwamba chembe ulizozilenga zilikuwa mikromita 1 juu ya kioo. Lakini unaweza kuhakiki kesho. Inua fokasi ya hadubini mikromita 10 juu, ufuatilie chembe za huko. Kwa umbali huo punguzo liko chini ya asilimia 3, na unatakiwa uone D ikipanda kuelekea 0.54. Zitakuwepo, usiogope kwamba zote zimezama: polistireni ni nzito kuliko maji kwa asilimia 5 tu, chembe ya ukubwa huu inazama kama mikromita 0.03 kwa sekunde, na mtikisiko wa joto unatosha kuzitawanya makumi ya mikromita juu ya kioo.

Ukitaka kuuweka ukuta huo ndani ya programu, kwa mwendo wa pembeni ni rahisi, badilisha D kufuatana na kimo. Kwa mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwangalifu. D ikibadilika na kimo z, haitoshi kutumia kipeuo cha 2Ddt chenye D ya pale chembe ilipo. Lazima uongeze kisukumo kidogo, kiasi ambacho D inabadilika kwa kila mikromita, mara dt. Ukikiacha, chembe zitarundikana karibu na kioo bila kani yoyote kuzivuta huko, na grafu itapendeza kiasi cha kukushawishi kwamba umegundua kitu. Hii ndiyo sura nyingine ya kosa lako niliyoisema mwanzo: sehemu ya nasibu na sehemu ya dt zinahitaji kila moja heshima yake.

Mawili ya maabara, kisha nikuache ufanye kazi. La kwanza, tone lililo wazi pembeni linakauka, na maji yanapokauka yanatembea. Mkondo wa nusu mikromita kwa sekunde hauonekani kwa jicho, lakini kwa sekunde 10 unaongeza mikromita za mraba 25 mahali ambapo usambaaji wenyewe ni 11 tu. Ziba kingo za kioo cha juu kwa rangi ya kucha, na kwenye hesabu ondoa wastani wa mruko wa chembe zote kati ya picha na picha, ili kinachobaki kiwe cha kila chembe peke yake. Utautambua mkondo kwenye grafu ya wastani wa mraba dhidi ya muda, iliyochorwa logi kwa logi: usambaaji una mteremko wa 1, mkondo unauvuta kuelekea 2.

La pili, kamera haijui mahali chembe ilipo kwa uhakika kamili. Kama unakosea mikromita 0.03 kila picha, wastani wa mraba kwenye mhimili mmoja unaongezeka 0.0018 hata chembe ikiwa imesimama, na kwa picha 30 kwa sekunde hiyo ni kama asilimia 5 ya kinachotakiwa kuonekana kati ya picha mbili. Usiulazimishe mstari wako upite kwenye sifuri. Uache ukate mhimili unapotaka, kisha soma D kutoka kwenye mteremko.

Pima joto ndani ya tone lenyewe, si ukutani mwa chumba, maana taa ya hadubini inaongeza lake. Halafu niandikie D mbili, ya kimo cha mikromita 1 na ya mikromita 10, pamoja na joto ulilopima.